Tarehe ya Kalamu za Eboniti za Rajahmundry

Mji wa Rajahmundry, ulioko ukingoni mwa mto Godavari katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, na ambao tangu 2015 huitwa rasmi Rajamahendravaram, umejijengea sifa kwa mafundi wake wanaokereza kalamu za wino kutokana na eboniti. Eboniti ni mpira wa miti uliochanganywa na salfa nyingi, aghalabu robo au theluthi ya uzito wake, kisha ukapikwa kwa muda mrefu hadi ukawa mgumu na mweusi kama pembe ya nyati.

Mali ghafi hiyo ilitoka mbali. Nelson Goodyear alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1851, na kufikia 1871 kilianzishwa Hamburg, Ujerumani, kiwanda kilichopata umaarufu kwa vitana vya mpira mgumu. Tangu Waterman alipopata hataza ya kalamu yake ya wino mwaka 1884, na kwa miongo kadhaa baadaye, kalamu nyingi zilikerezwa kwa eboniti, kwa kuwa hailiwi na asidi ya wino na hukatika vizuri chini ya patasi. Hata zumari la Kizungu liitwalo klarineti, ambalo mwili wake mara nyingi hutokana na mpingo, kwa kawaida hupulizwa kwa kipande cha mdomoni cha eboniti. Hata hivyo, mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer ilianza kuuza kalamu za seluloidi, plastiki ya rangi za kuvutia, na muda si muda viwanda vikubwa vikaipa eboniti kisogo.

Hivyo basi, Rajahmundry iliipokea eboniti wakati wenye viwanda walikuwa wanaitupa, na jambo hilo ndilo linalostahili kuzingatiwa zaidi katika tarehe hii. Chanzo chake kilikuwa swadeshi, yaani harakati za kususia bidhaa za kigeni na kutumia za nyumbani, zilizopamba moto Bengal tangu 1905. Fundi K. V. Ratnam, aliyehimizwa na Gandhi kutengeneza kitu kinachomfaa mtu wa kawaida, alianza kazi ya kalamu mwaka 1932. Na Julai 1935 Gandhi alimwandikia barua akimshukuru na kukiri kwamba kalamu hiyo ameitumia na inaweza kushika nafasi ya zile za kigeni. Ushahidi huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa maana uliandikwa na mtu ambaye kuandika barua kulikuwa sehemu kubwa ya kazi yake ya kila siku.

Kazi yenyewe huanzia kwenye ufito wa eboniti, unaokatwa vipande viwili, kimoja cha mwili na kingine cha kifuniko, kisha kila kimoja hutobolewa kwa keekee na kufungwa kwenye kerezo, ambayo ni mashine inayozungusha kitu ili patasi ikichonge kwa mviringo. Maganda hutoka kama utepe mrefu, na joto la msuguano likizidi, harufu ya salfa hujaa karakana. Sehemu ngumu kuliko zote ni kukata hesi, yaani mikunjo inayowezesha sehemu mbili kufungana kwa kuzungushwa, kwa sababu kalamu nyingi za aina hii hazina mfuko wa ndani: wino humiminwa kwa kidondoshi moja kwa moja ndani ya mwili, na hesi ikilegea hata kidogo wino huvujia vidoleni mwa mwandishi. Baada ya hapo hufuata msasa, kuanzia wenye chembe kubwa hadi laini kabisa, na mwishowe kitambaa.

Eboniti ina kasoro yake, nayo ni kwamba jua na maji huifubaza, weusi ukageuka kahawia yenye ukijani; lakini mshikaji huihisi vuguvugu mkononi, na wino huifuata kwa utiifu. Kwa sababu hiyo, kalamu yenye gololi nchani, iliyoanza kuuzwa kwa wingi duniani tangu 1945, ilipunguza soko la kalamu za wino bila kuiua kazi hii. Siku hizi karakana za mji huo hukereza pia akriliki, lakini ulimi ulio chini ya nibu, unaopitisha wino hadi kwenye karatasi, mara nyingi bado huchongwa kwa eboniti.