Mchoko wa Metali: Kutetea Istilahi Moja

Wahandisi na mafundi sanifu walio kazini, ambao bodi za usajili za Tanzania na Kenya huwataka waendelee kujinoa kitaaluma hata baada ya kusajiliwa, hukutana katika kozi fupi za sayansi ya metali na istilahi ambazo wengi wao hawakuzisikia kwa Kiswahili walipokuwa chuoni. Miongoni mwa hizo hakuna iliyotendewa vibaya kuliko ile inayotaja kudhoofika kwa chuma kinachobebeshwa mzigo na kupunguziwa, tena na tena, mpaka kikatike chini ya uzito ambao kingeuhimili bila shida kama ungewekwa mara moja tu. Zipo faharasa zinazoliita jambo hilo "uchakavu wa metali", na tafsiri hiyo inaonekana kuridhiwa bila kumsikiliza fundi hata mmoja wa karakana. Istilahi inayostahili ni mchoko.

Uchakavu ni jambo la uso. Kitenzi chakaa chenyewe kinaonyesha hivyo, kwa kuwa kiko katika jamii ya vitenzi vyenye mwisho wa -aa, kama vile tapakaa, sambaa na zagaa, ambavyo hutaja hali inayoenea na kutwaa eneo zima. Beringi inayosagika huchakaa, tairi huchakaa, na kipimo cha unene hulionyesha pungufu lake. Ekseli yenye mchoko haipungui hata kidogo. Ufa huanza mahali pamoja, aghalabu ukingoni mwa weldi au pale kipenyo kinapobadilika ghafla, ukaingia ndani kidogo kidogo kwa kila mzunguko, na mkaguzi aliyefundishwa kutafuta uchakavu atapima kipenyo, atakikuta kamili, kisha ataliruhusu lori liondoke. Aliyefundishwa mchoko atapaka rangi nyekundu ya kupenya, ataisubiri iingie, ataifuta, kisha atanyunyizia unga mweupe ambao juu yake ufa utajichora kwa mstari mwekundu. Kosa la istilahi hapa ni kosa la usalama, na wanaolipuuza hawajaitazama ekseli iliyokatika: sehemu moja ya mkato ni laini, yenye mistari ya kupinda mfano wa alama ambazo maji ya kupwa huziacha mchangani, na sehemu iliyobaki ni ya kukwaruza, ambapo chuma kilichosalia kilishindwa kwa mara moja.

Fikra ya kuchoka haikutoka hewani. Neno linalotumiwa na Wafaransa na Waingereza limetokana na kitenzi cha Kilatini fatigare, maana yake kuchosha. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, watu wengi wakateketea, akiwemo baharia Dumont d'Urville, na wapo walioshikilia kwamba chuma hugeuka umbile lake la ndani na kuwa fuwele kwa sababu ya kutikiswa. Mhandisi William Rankine alilikataa dai hilo. Mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, ambaye matokeo yake yalichapishwa kati ya 1858 na 1870, alizungusha ekseli nyingi chini ya mzigo, akathibitisha kwamba kinachoamua ni tofauti ya mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo, inayojirudia katika kila mzunguko.

Wapo wanaokubali mzizi choka lakini wanang'ang'ania "uchovu", na hoja yao inahitaji kujibiwa kwa uzito, kwa kuwa wanazungumza Kiswahili fasaha. Uchovu, kama ulegevu na uchakavu, umejengwa juu ya kivumishi chenye -vu na hutaja hali ya aliyekwisha kufikwa na jambo. Tena ni hali inayoondoka kwa kupumzika, ilhali chuma hakiponi kwa kulazwa bohari. Mchoko umejengwa kwa m- na -o, kama mtetemo, mpasuko na mmomonyoko, majina ya matukio yanayoendelea, na mfuatano wa mambo katika mashine ndio huohuo: mtetemo huzaa mchoko, na mchoko huzaa mpasuko. Lugha ilikuwa imekwisha kuandaa maneno hayo matatu kwa umbo moja kabla kamati yoyote haijaketi. Wanaodai kwamba kisicho na uhai hakichoki wasikilize gereji yoyote, ambako springi huchoka, betri huchoka na gari zima huchoka, wala hakuna anayedhani kwamba vina roho.

Kwa matumizi, inatosha kusema kwamba mkazo ambao chini yake chuma cha pua cha kawaida hustahimili mizunguko mingi mno bila kukatika uitwe kikomo cha mchoko, na kwamba alumini haina kikomo cha namna hiyo kilicho bayana, ndiyo maana sehemu za ndege huhesabiwa safari zake na kubadilishwa kabla ufa haujafikia ukubwa wa hatari.