Sumu ya Shiga na Mishipa ya Figo

Mwaka 1897 Japani ilikumbwa na mlipuko wa kuhara damu uliowapata watu zaidi ya 90,000 na kuua zaidi ya mmoja katika kila watano, na ni katika mlipuko huo Kiyoshi Shiga, daktari kijana aliyekuwa chini ya Kitasato Shibasaburo mjini Tokyo, alipomtambua bakteria aletaye maradhi hayo, ambaye leo huitwa Shigella dysenteriae wa aina ya kwanza. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba bakteria huyo hutoa sumu kali, na kwa kuwa sungura waliodungwa sumu hiyo walipooza miguu kabla ya kufa, wataalamu waliihesabu kuwa sumu ya neva, dhana iliyodumu kwa takribani nusu karne.

Mwaka 1955 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kinachoharibika kwanza kwa sungura hao ni mishipa midogo ya damu inayolisha neva, wala si neva zenyewe. Mwaka huohuo, pasipo uhusiano wowote na kazi hiyo, daktari Conrad Gasser wa Uswisi alieleza habari za watoto 5 ambao chembe zao nyekundu za damu zilipasuka, chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, zikapungua, na figo zikashindwa kufanya kazi. Taarifa hizo mbili zilihusu jambo lilelile, lakini zilikaa mbalimbali kwa karibu miaka 30.

Zilikutanishwa na seli za figo ya tumbili zinazokuzwa maabara, ziitwazo Vero. Mwaka 1977 Konowalchuk na wenzake nchini Kanada waliona kwamba baadhi ya bakteria wa E. coli, ambao wengi wao huishi utumboni bila madhara, hutoa sumu inayoziua seli hizo; mwaka 1983 Mohamed Karmali na wenzake mjini Toronto wakaikuta kwa watoto wenye ugonjwa ulioelezwa na Gasser, na Alison O'Brien na wenzake nchini Marekani wakathibitisha undugu wake na sumu ya Shiga.

Figo hupokea takribani sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, nayo huchujwa katika mafundo ya kapilari, yaani glomeruli, yapatayo milioni moja katika kila figo. Seli zilizotanda ndani ya kapilari hizo zina mafuta yenye sukari yaitwayo Gb3, ambayo vipande vitano vya sumu hiyo huyang'ang'ania, kisha kipande cha sita huingia ndani ya seli na kunyofoa adenini moja tu katika ribosomu, mahali protini zinapotengenezwa, sawasawa na ifanyavyo risini, sumu ya mbegu za mbarika. Seli hizo huvimba na kubanduka, chembe sahani hurundikana penye jeraha, damu huganda, na chembe nyekundu zinazojipenyeza katika uwazi uliobaki huchanika vipande ambavyo, vikitazamwa kwa hadubini, baadhi yake vina umbo la kofia ya askari. Kwa hiyo upungufu wa damu na ukosefu wa mkojo, vinavyoonekana kama maradhi mawili, vina chanzo kimoja.

Afrika ya Kati iliifahamu sumu hiyo kwa uchungu: Shigella wa aina ya kwanza alizuka Zaire mwaka 1979 na kuenea nchi jirani, na mwaka 1994 aliwashambulia wakimbizi wa Rwanda huko Goma baada ya kipindupindu. Ujerumani nayo, mwaka 2011, ilipoteza watu zaidi ya 50 kwa E. coli wa aina ya O104:H4 aliyetokana na machipukizi ya uwatu, na walioharibikiwa figo safari hiyo walikuwa hasa watu wazima, wengi wao wanawake.

Jeni ya sumu hiyo katika E. coli hubebwa na kirusi kilichojificha ndani ya bakteria, na baadhi ya viuavijasumu hukiamsha hata sumu ikaongezeka. Ndiyo maana madaktari wengi huepuka kuvitumia kwa wagonjwa wa O157:H7, aina nyingine ya E. coli inayotoa sumu hiyo, wakategemea maji ya mshipani na, figo zikizidiwa, usafishaji wa damu kwa mashine.