Angela Chibalonza: sauti ya Kongo iliyojulikana kutoka Nairobi

Watu wengi wanaopenda nyimbo za Angela Chibalonza, hata hapa kwetu mashariki ya Kongo, wanafikiri alikuwa Mkenya. Si ajabu. Alirekodi Nairobi, alitumika kanisani Nairobi, na barabara iliyochukua uhai wake iko Kenya. Lakini Mama Angela alikuwa Mkongomani, na mtu wa Bukavu hana lazima ya kuuliza karatasi zake. Jina linatosha. Cibalonza ni jina la Bashi, utalisikia Walungu, Kabare ao Kadutu. Katika Mashi herufi «c» inasomwa «ch», sawa vile tunasoma Ciriri na Cimpunda. Kule Kenya waliliandika jinsi walivyolisikia, likabaki Chibalonza. Jina lingine, Muliri, ni la bwana yake, Pasta Elisha Muliri, naye mwimbaji.

Kufahamu kazi yake, lazima kukumbuka namna Wakongomani walivyojaa Nairobi. Mwisho wa mwezi wa kumi 1996 Bukavu iliangukia mikononi mwa AFDL. Mwezi wa munane 1998 vita vingine vikaanza, vya RCD. Kati ya hizo vita mbili na kiisha, jamaa nyingi za Kivu zilivuka mipaka: wengine Burundi, wengine Kigoma ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996, wengine Uganda, na waliokuwa na njia wakafika mpaka Nairobi. Waliobeba gitaa ao sauti nzuri waliona haraka kwamba Nairobi ina studio, ina makanisa makubwa, na tena watu wanasikia Kiswahili. Kinshasa ilikuwa mbali, bila barabara, na nyimbo za dini za kule ni za Lingala na Kifaransa. Kwa mwimbaji wa Kivu, soko la karibu lilikuwa mashariki. Solomon Mukubwa, yule mwimbaji wa mkono moja, naye ni Mkongomani aliyejulikana kutoka Nairobi.

Angela aliingia soko hilo na nyimbo za kuabudu. Hakuwa mtu wa kelele. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini kidogo kwa mwanamke, na hakuikimbiza: neno moja analirudilia mpaka msikilizaji mwenyewe analichukua. Ndiyo sababu korali za kijijini zisizo na kinanda zinaziweza nyimbo zake. Ngoma moja na makofi, inatosha. «Uliniumba», «Jina Yesu», «Yahweh Uhimidiwe», «Kaa Nami»: hizo zote zimeingia katika ibada za Wapentekoste na pia za makanisa mengine, mpaka kuna vijana wanaoziimba kama nyimbo za kitabu, bila kujua zimefika kwao kwa sauti ya nani.

«Ebenezer» inaulizwa sana maana yake. Neno hilo ni la Kiebrania, linatoka katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 7. Waisraeli walikuwa wamewashinda Wafilisti, Samweli akachukua jiwe, akalisimamisha kati ya Mispa na Sheni, akaliita jiwe la msaada. Lilikuwa alama ya kusema Mungu amewasaidia mpaka pale walipofika. Hapa kwetu wimbo huo umepata kazi yake: unaimbwa siku ya kutoa shukrani, mtu akitoka hospitali, jamaa ikirudi salama toka ukimbizini. Kwa watu waliokimbia mara mbili ao tatu, hilo neno «mpaka hapa» si neno dogo.

Kuna jambo lingine ambalo wapenda muziki wanalisahau. Kiswahili cha Kongo kinachekwaka Nairobi na Dar es Salaam, wanasema hakina sarufi. Angela hakuficha alikotoka, na Wakenya waliimba pamoja naye bila shida. Kama kuna mtu aliyeonyesha kwamba msemaji wa Kiswahili cha huku anaweza kusikilizwa mpaka Pwani, ni yeye.

Kifo chake kilikuja gafula. Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa kenda 2007, alifariki katika ajali ya motokari upande wa Voi, kwenye barabara kubwa ya Nairobi na Mombasa. Wafanyabiashara wetu wanaijua barabara hiyo. Ndiyo njia ya makontena yanayoshuka meli Mombasa, yakipita Nairobi na Kampala mpaka Kasindi ao Bunagana, kiisha Butembo, Beni na Goma. Wakati ule magari ya pande zote mbili yalipishana bila ukuta wa katikati, malori mazito pamoja na mabasi ya usiku. Alikuwa bado mwanamke wa nguvu, na kazi yake ilikuwa inapanda. Makanisa ya Kenya na ya Kongo yalimlilia pamoja.

Kazi ya sauti yake haikusimama. Kaseti ziliisha, zikaja CD na DVD, sasa nyimbo ziko ku flashi na ku telefone. Kijana mwenye ordinatere kando ya barabara anakujazia nyimbo zake zote kwa pesa kidogo, na hapo ndipo shida iko. Sheria ya Kongo juu ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986, inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 kiisha kifo chake. Sheria ya Kenya nayo inahesabu miaka 50. Kwa mtunzi aliyekufa 2007, hesabu hiyo inafika mwaka wa 2057. Shirika la SOCODA ndilo lenye kazi ya kukusanya haki hizo huku Kongo. Lakini mjini nani analipa? Si muuza flashi, si mwenye nganda anayepiga nyimbo za Mungu asubuhi ya siku ya yenga, na tuseme ukweli, redio nyingi za jimbo pia hazilipi. Jamaa ya mwimbaji ndiyo inapoteza.

Kwa wanaotafuta nyimbo zake ku intaneti: waliozipandisha wameandika jina namna nyingi, Chibalonza, Chimbalonza, mara nyingine Cibalonza. Ukikosa kwa njia moja, jaribu nyingine. Na angalia vizuri, kwa sababu nyimbo nyingi zilizo na picha yake zinaimbwa na watu wengine waliozirudilia kiisha mwaka wa 2007.