Kindu: lori limebadilika, namna ya kulichomea haijabadilika

Kindu ulikua kwa ajili ya mto na reli. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya treni ya kilomita 355 toka Kindu mpaka Kongolo, ili mizigo ipite kando ya maporomoko ya Lualaba. Toka Kindu vyombo vya mto vilishuka mpaka Ponthierville, leo Ubundu. Mwaka 1956 reli ya Kabalo ilifungwa na ile ya Kamina, na hapo treni ya Katanga ikaweza kufika mpaka hapa.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliingia mjini, na kwa miaka treni haikuonekana. Chumvi na sabuni zilibebwa kwa baiskeli, zikisukumwa siku nyingi kwenye njia ya Kasongo. Malori yaliyothubutu barabara ile yalivunjika shasi, na fundi wa kuchomea akawa mtu wa lazima kama dereva mwenyewe.

Malori ya wakati ule, yale ya kizazi cha Mercedes 1113, yalikuwa mavumilivu. Pampu yake ya mazuti ilikuwa chuma kitupu. Fundi alifunga waya wa masi popote alipoona chuma, akawasha moto, na jioni lori likaondoka. Kwa haraka hiyo diodi za altaneta ziliweza kuungua, lakini injini ya mazuti iliendelea kunguruma. Vijana waliojifunza kwa wazee hao walichukua kazi yote, na zoea lile pia.

Lakini huko viwandani mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mercedes Actros ya mwaka 1996 ilitoka na breki zinazoongozwa kwa umeme na visanduku vya kompyuta vinavyosemezana kwa nyaya. Leo malori ya namna hiyo, yaliyokwisha tumika Ulaya, yanazunguka Afrika nzima.

Moto wa kuchomea una volti 20 au 30 hivi tu, lakini ampea zake hupita 100. Umeme huo hurudi kwenye mashine kwa kila njia inayoupokea. Masi ikifungwa kwenye bampa la mbele na ufa uko nyuma, sehemu ya umeme itapita kwenye beringi, kwenye nyaya, hata ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiungua haiokotwi sokoni. Huagizwa mbali, na mara nyingi ni lazima iwekewe programu ya gari lilelile. Siku hizo zote mchele na maharage viko juu ya lori, na familia iliyokimbia vita, ambayo haina shamba hapa, inangoja sokoni bei ipande.

Kinga yenyewe haihitaji mashine ya gharama. Ufunguo unazimwa na kutolewa, kisha dakika chache zinapita ili kompyuta zilale. Waya wa hasi wa betri unatolewa kwanza, halafu wa chanya, na ncha zinafunikwa zisiguse chuma. Swichi kuu ya betri peke yake haitoshi, maana kwenye malori mengi haikati kila kitu. Hapo ndipo madereva wengi hudanganyika. Soketi za kompyuta na nyaya za altaneta zinachomolewa. Kisha masi inafungwa kwenye kipande kilekile kinachochomewa, karibu kabisa na ufa, baada ya kukwangua rangi na kutu. Pasiwepo beringi wala springi kati yake na moto, na waya wa mashine usilazwe juu ya nyaya za lori.

Kazi ikiisha, chuma kinaachwa kipoe, nyaya zilizo karibu zinatazamwa kama hazikuyeyuka, soketi zinarudishwa, na betri inafungwa chanya kwanza, hasi mwisho.