Mzio, Aleji na Mugilo wa Bibi

Leo tunawaletea neno moja tu, mzio, na lina historia ndefu kuliko tulivyodhani.

Tulianza kulifuatilia kwa sababu ya bi harusi mmoja wa hapa Bariadi tuliyemshonea nguo. Kwenye kuagwa kwake alipakwa hina na piko, akatoka salama. Mwezi mmoja baadaye akapakwa tena kwa ajili ya nikahi. Siku ya pili mikono ikavimba na malengelenge yakafuata maua yale yale ya piko. Usiku ule tulifumua mikono ya gauni tukaishona upya, mipana.

Hospitalini muuguzi akamuuliza, "Una aleji na dawa yoyote?" Akasema hana. Bibi yake akadakia, "Mwulizeni mugilo wake!" Kumbe utotoni dawa ya salfa ilimchubua mdomo wote. Nyumbani wote walijua kuwa salfa ni mugilo wake, ila hakuna aliyejua kuwa hicho ndicho kinachoulizwa.

Aleji ni neno changa. Lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, "nyingine" na "kazi". Yeye na mwenzake Béla Schick walikuwa wakiwatibu watoto kwa seramu ya damu ya farasi. Waliona kuwa mtoto aliyewahi kuchomwa, akichomwa tena, huweza kuugua haraka na vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza. Mwili umekumbuka, na sasa unajibu kwa namna nyingine. Ndiyo maana mkono uliovumilia piko siku ya kuagwa ukaungua siku ya nikahi.

Mzio ni la kale mno. Kabla ya hospitali, lilikuwa jina la kitu ambacho mtu hakigusi au hakili kwa sababu kitamdhuru, ama mwili wake umekataa, ama mila ya kwao imekataza. Na si la pwani peke yake. Waganda wana omuziro, yaani mnyama au chakula ambacho ukoo fulani hauli. Wakikuyu wana mugiro. Wasukuma wetu wana mugilo, wingi migilo. Kiswahili kina tabia ya kuimeza l ya katikati: Msukuma husema nzila, sisi tunasema njia. Bibi yule hakukosea hata kidogo. Alitaja neno la daktari kwa Kisukuma.

Hapa tuseme kidogo, maana wapo wanaochanganya mzio na haramu. Haramu ni ya wote. Mzio ni wako. Mtume wetu (s.a.w.) aliandaliwa nyama ya dhabu, yule mjusi wa jangwani, akaiacha kwa kuwa haikuwa chakula cha nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akaila mbele yake na hakukatazwa. Basi shoga yako asipokula kamba kwenye walima, usimnunie.

Turudi kwenye piko. Hina ya majani ni nadra sana kumdhuru mtu. Piko ni rangi ya nywele, na kinachounguza ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ile ile inayotia weusi nywele. Ukishaipata mzio, hata rangi ya nywele miaka kumi baadaye itakuunguza. Mpambaji akikuuliza, mwambie mapema. Asipokuuliza, mwambie vilevile.

Bi harusi wetu alipona, alhamdulillah. Kwenye daftari lake la hospitali sasa pameandikwa: mzio, salfa na piko. Bibi alitaka na mugilo wa ukoo wao uandikwe. Muuguzi akacheka, akasema mstari umejaa.