Duka la Toad Lane

Rochdale si mji wa watalii. Uko kama kilomita 16 kaskazini mashariki ya Manchester, chini ya vilima vya Pennines vinavyouletea mvua, na viwanda vya pamba na sufu vilivyoulisha vilifungwa kimoja baada ya kingine katika karne ya 20. Utakuta nyumba za matofali, maduka ya kawaida, na jumba la manispaa la mwaka 1871 ambalo uzuri wake unakushtua. Litazame, kisha endelea. Tafuta Toad Lane, kipande kifupi cha barabara ya mawe kilichosalia kutoka mtaa mrefu wa zamani, na usimame mbele ya nyumba namba 31.

Miaka ya 1840 mji huu ulikuwa na njaa. Wafumaji wa flaneli walipunguziwa ujira, na aliyeishiwa kabla ya siku ya malipo alikopa dukani. Msomaji anayelijua daftari la madeni la Mangi, mwenye duka wa mtaani, ataelewa upesi: ukishadaiwa, huhami duka na huhoji mizani. Na mizani ilistahili kuhojiwa. Katika miji ya viwanda ya Uingereza unga uliuzwa umechanganywa na chaki, na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa yalikaushwa yakauzwa tena. Bungeni nako hakukuwa na msaada. Mwaka 1842 wabunge walilikataa ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya milioni 3, waliotaka kila mwanamume apewe kura.

Ndipo watu wa Rochdale walipoanza kuchanga ili wafungue duka lao wenyewe. Kila mwanachama alipaswa kufikisha hisa ya pauni moja, na walianza kwa peni mbili kwa wiki. Chama chao kilisajiliwa tarehe 24 Oktoba 1844, na fedha zote walizokuwa nazo zilikuwa pauni 28. Husimuliwa kwamba waasisi hao 28 walikuwa wafumaji tu waliosukumwa na njaa. Si sahihi. Walikuwamo mafundi wa kazi nyingine, na kadhaa walikwisha komaa katika harakati za kudai kura au katika mafundisho ya Robert Owen, mtetezi wa ushirika. Zaidi ya hayo, walikuwa na kumbukumbu chungu: duka la ushirika lilikwisha kufunguliwa mtaani humohumo miaka ya 1830, likafa kwa kukopesha. Kwangu mimi, ujasiri wao mkubwa ulikuwa huo wa kurudi walikoangukia, wakiwa wamejua kilichowaangusha. Safari hii mteja angelipa taslimu, hata kama ni jirani.

Jioni ya tarehe 21 Desemba 1844 walifungua milango ya namba 31. Ghorofa ya chini ya ghala waliyoipanga ilikuwa karibu tupu: unga wa ngano, siagi, sukari, unga wa oti wa uji na mishumaa michache, basi. Vijana wa viwandani walijazana nje kuwazomea. Ndani, Samuel Ashworth alipima na William Cooper akapokea fedha. Walipima sawasawa, na unga ulikuwa unga.

Faida haikumfuata mwenye hisa nyingi. Aliyenunua zaidi dukani ndiye aliyepata gawio kubwa zaidi, na kwenye mkutano kila mwanachama alikuwa na kura moja. Mwaka 1846 Eliza Brierley alijiunga, mwanamke wa kwanza kwenye daftari la wanachama. Wakati huo wanawake wa Uingereza hawakuwa na kura ya bunge, na sheria ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe.

Kufikia mwaka 1860 wanachama walipita 3,000. Mwaka 1937 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ukikutana Paris, uliidhinisha kanuni zilizotokana na duka hili kuwa kipimo cha ushirika duniani. Wakati huo Moshi tayari palikuwa na KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933 kutokana na chama chao cha mwaka 1925.  Mkulima anayenyanyua mkono leo kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha msingi, akihesabiwa sawa na mwenye shamba kubwa, anaitumia kanuni ileile iliyotumika Toad Lane.

Namba 31 ni makumbusho tangu mwaka 1931. Vijana wetu wengi wanatamani kwenda Manchester kwa ajili ya mpira. Ukijaaliwa safari hiyo, tenga nusu siku uende Rochdale, uingie katika chumba kile cha mbele ambako unga ulipimwa.