Mahadhi na Hisia katika Wimbo wa Ibada wa Enzi ya Baroki

Wahakiki wengi hushikilia kuwa kila mahadhi yana hisia yake, na kwamba maneno huja tu kuitaja. Historia ya wimbo mmoja wa Kijerumani inalitilia shaka dai hili.

Mahadhi hayo yalichapishwa na Hans Leo Hassler mwaka 1601, yakiwa wimbo wa mapenzi wenye mapigo mepesi. Baadaye Walutheri waliyatwaa, mapigo yakasawazishwa, mwendo ukatulia, na mwaka 1656 yakafungamanishwa na shairi la Paul Gerhardt kuhusu kichwa cha Kristo chenye majeraha.

J. S. Bach aliyatumia mara 5 katika Mateso kwa Mujibu wa Mathayo (1727). Mara ya pili ufunguo unashuka nusu toni, kutoka E meja hadi E-flati meja. Yesu anapokwisha kukata roho, sauti za chini zinapita katika toni zenye msuguano, na huzuni inazidi kina. Hata hivyo, Januari 1735, Bach huyo huyo aliifunga Oratorio ya Krismasi kwa mahadhi yayo hayo, safari hii pamoja na tarumbeta na ngoma za ushindi.

Basi huzuni haimo katika mahadhi pekee. Huzaliwa pale ufunguo, mwendo na neno vinapokutana. Mhakiki asomaye matini ya wimbo bila kuisikiliza ameshika nusu ya kazi. Na kwa kuwa Bach hakuziandikia nyimbo hizi kasi, sehemu ya maana yake imeachiwa waimbaji wa kila kizazi.